Msitu mmoja, hesabu mbili: namna ya kupima aina na uzito wa miti ya msitu wa kijiji

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu, wilayani Muheza, upande wa milima ya Usambara Mashariki. Tuna msitu wa hifadhi wa kijiji wenye hekta 180. Walikuja wageni wanaotafuta miradi ya kaboni, wakakaa siku mbili, wakapima ploti 6, yaani vipande vidogo vya msitu. Ripoti yao inasema msitu una tani 410 za miti kwa hekta na spishi 38, una uzito mkubwa, basi una utajiri mkubwa wa viumbe. Wazee wetu wanasema wao peke yao wanaijua miti zaidi ya mia kwa majina. Tumwamini nani? Na je, sisi wenyewe tunaweza kupima?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Wazee wenu wanasema kweli, na wageni wenu huenda hawakudanganya katika kile walichokiona. Kosa limejificha kwenye neno moja dogo la ripoti yao: "basi". Msitu una uzito, basi una utajiri wa viumbe. Hapo ndipo ninapopinga, na hapo nitakaa muda mrefu, maana nimeona vijiji vikiambiwa hivyo vikakubali kwa sababu tu maneno yalikuja na jedwali.

Msitu wa mvua umebeba vitu viwili ambavyo jicho huviona kwa pamoja lakini futi huvipima mbalimbali. Uzito wa miti, ambao ofisini tunauandika tungamotaka au biomasi, uko ndani ya miti mikubwa michache. Wingi wa aina uko ndani ya miti midogo iliyo mingi, pamoja na ile adimu unayokutana nayo mara moja katika siku nzima ya kutembea. Chukua mti mmoja wenye kipenyo cha sentimita 90 na urefu wa mita 38, mbao zake za uzito wa kati. Kwa mlinganyo nitakaoueleza baadaye kidogo, sehemu yake iliyo juu ya ardhi, ikikaushwa, ina uzito wa tani 8.5 hivi. Sasa chukua mti wa sentimita 15, urefu mita 13, mbao za uzito uleule. Huo una kilo 91. Itabidi mkusanye miti 94 ya namna hiyo ndipo mizani ilingane na mkubwa mmoja. Lakini katika hesabu ya aina, mkubwa yule ni spishi moja tu, na ile 94 yaweza kuwa na spishi 30 au 40.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua uko kwa ndugu zetu wa Ituri, mashariki ya Kongo. Ndani ya hifadhi ya okapi, kwenye eneo la Epulu, hekta 40 za msitu zimekuwa zikipimwa tangu mwaka 1994, kila shina kuanzia kipenyo cha sentimita 1, kila shina na namba yake na jina lake. Nusu ya eneo hilo liko Edoro, kwenye msitu mchanganyiko. Nusu nyingine iko Lenda, kwenye msitu unaotawaliwa na mti mmoja ambao wenyeji wanauita mbau, kwa jina la kisayansi Gilbertiodendron dewevrei. Mbau ni mti mkubwa, mbao zake nzito, na ukishatawala hushika zaidi ya nusu ya miti mirefu. Uzito wa hekta moja ya msitu wa mbau unazidi ule wa msitu mchanganyiko wa jirani yake, ilhali aina za miti mirefu ni chache kuliko za jirani huyo. Misitu miwili chini ya mvua ileile, na vipimo viwili vinakwenda kinyume.

Na kwenu Usambara mnao mfano mwingine mlangoni. Maesopsis eminii, ule ambao Uganda wanauita musizi, si mwenyeji wa milima yenu. Uliletwa, ukapandwa, na magogo yalipovunwa kwa wingi miaka ya 1970 na 1980 ukajaza mapengo yaliyoachwa wazi. Unakua haraka na ndege aina ya hondohondo wanasambaza mbegu zake. Sehemu iliyojaa Maesopsis inaweza kuongezeka uzito mwaka hadi mwaka huku miche ya miti ya asili kama msambu na mtambaa ikikosa nafasi chini yake. Mtu anayepima uzito peke yake atawapa pongezi kwa jambo linaloumaliza msitu wenu.

Sasa tuanze na uzito, maana ndio uliowaletea wageni.

Hakuna anayeuweka mti kwenye mizani, isipokuwa watafiti wachache waliokata miti, wakaikausha na kuipima vipande vipande ili sisi wengine tusiikate. Mwaka 2014 Jérôme Chave na wenzake walikusanya takwimu za miti 4,004 iliyopimwa hivyo katika sehemu 58 za nchi za tropiki, wakapata mlinganyo unaotumika leo karibu kila mahali: uzito kwa kilo ni 0.0673 mara (densiti ya mbao × kipenyo × kipenyo × urefu), mabano yote yakipandishwa kipeo cha 0.976. Kipenyo ni kwa sentimita, urefu kwa mita, densiti, yaani uzito wa mbao kwa ujazo wake, kwa gramu katika sentimita moja ya ujazo. Simu yenye kikokotoo inatosha.

Tazama kipenyo kinavyojitokeza mara mbili ndani ya mabano. Ukikosea kipenyo kidogo, umekosea uzito sana. Ndiyo maana kazi ya kupima inasimama au inaanguka kwenye mkono wa yule aliyeshika futi.

Kipenyo hupimwa kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Chukueni fimbo, ikateni kwa mita 1.3 kamili, muisimamishe kwenye shina kila mara. Vifua vya watu havilingani, fimbo haibadiliki. Kwenye mteremko, wapimaji wengi huisimamisha upande wa juu wa mti, wengine upande wa chini. Chagueni mmoja, muuandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, na msibadilishe hata mkichoka. Mti ukiwa umeinama, fimbo inafuata shina. Mti ukiwa na vishina viwili chini ya mita 1.3, kila kimoja kinapimwa na kuandikwa peke yake, lakini mkumbuke kwenye hesabu ya aina kwamba ni mti mmoja. Kamba za mwituni zinazokumbatia shina zinainuliwa, futi inapita chini yake. Msizikate.

Tatizo kubwa la misitu yetu ni mbawa za mizizi. Mmeziona, zile kuta zinazopanda kutoka ardhini hadi kumzidi mtu kimo. Mpimaji mvivu anazungusha futi kwenye mbawa hizo na kupata namba kubwa. Tuseme shina halisi lina sentimita 90 na mbawa zimempa 130. Weka kwenye mlinganyo na uzito wa mti huo unakuwa zaidi ya maradufu. Mti mmoja kama huo ukiingia kwenye ploti ndogo unaipandisha hekta nzima kwa makumi ya tani, na hakuna fomula itakayousahihisha baadaye. Njia iliyokubalika ni kupima sentimita 50 juu ya mahali mbawa zinapoishia. Hapo mnahitaji ngazi, na mtu wa kuishika ngazi. Pigeni mstari wa rangi pale futi ilipopita, muandike urefu wa mstari huo kutoka ardhini, ili anayekuja baada ya miaka mitano apime palepale. Swali la kwanza la kuwauliza wageni wenu ni hili: walipanda ngazi? Kwa ploti 6 ndani ya siku mbili kwenye milima ya Muheza, naomba mliulize mapema.

Urefu wa mti ni mgumu kuliko kipenyo, kwa sababu kilele hakionekani. Tunatumia klinomita, kifaa cha kupimia pembe, au kifaa cha leza kwa wenye uwezo. Mnasimama mbali na mti, umbali unaokaribia urefu wake, mnapima pembe ya kilele na pembe ya chini. Msitu ukiwa mnene, tafuteni upenyo na mhakikishe mnatazama kilele cha mti wenu na wala si tawi lililo karibu nanyi, kosa ambalo hufanya mti uonekane mrefu kuliko ulivyo. Si lazima mpime urefu wa kila mti. Pimeni kama 50 au 60 ya unene wote, mwembamba hadi mnene, muone uhusiano wa unene na urefu katika msitu wenu, kisha mkadirie iliyobaki.

Nasema katika msitu wenu, na hilo lina kisa. Huko Yangambi, magharibi ya Kisangani, watafiti wakiongozwa na Elizabeth Kearsley walipima urefu wa miti badala ya kutumia makadirio yaliyotungwa kwa misitu ya kwingine. Waligundua kwamba miti ya katikati ya bonde la Kongo ni mifupi kuliko makadirio yale yalivyodhani, na kwamba makadirio yale yangeizidisha kaboni kwa takriban asilimia 24. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Karibu moja ya tano ya kaboni hiyo ingekuwa kwenye karatasi tu, haikuwahi kuwa msituni. Kosa laweza kwenda upande wa pili pia: huko Kilimanjaro kuna mti wa Entandrophragma excelsum uliopimwa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa Afrika, na hakuna mlinganyo wa wastani ambao ungeutabiri.

Kitu cha tatu ndani ya mabano ni densiti ya mbao, na hapa ndipo jina la mti linapoingia kwenye hesabu ya uzito. Mvule una densiti ya karibu 0.57. Maesopsis ni karibu 0.41. Mti wa kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 32, ukiwa mvule, una uzito wa tani 3.4. Ukiwa Maesopsis una tani 2.5. Unene uleule, kimo kilekile, tofauti ni tani nzima kasoro kidogo, na imetokana na jina tu. Kwa hiyo yule mzee anayekata kijipande cha gome, akanusa, akasema "huu ni fulani", ni kifaa cha kupimia sawasawa na futi. Mlipeni posho anayostahili, kama anavyolipwa mwenye GPS.

Sasa ploti. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, iliyoanza mwaka 2009, ilitumia duara ndani ya duara: ndani ya mita 1 unapima kila kilichofika sentimita 1, ndani ya mita 5 kuanzia sentimita 5, ndani ya mita 10 kuanzia sentimita 10, ndani ya mita 15 kuanzia sentimita 20. Ni njia nzuri kwa kazi ya nchi nzima, na nadhani ndiyo wageni wenu waliyoifuata. Duara la mita 15 lina hekta 0.07. Ploti 6 ni hekta 0.42 katika 180. Hata robo ya asilimia moja haifiki.

Kidogo hicho si dhambi kwenyewe. Mama haonji sufuria nzima ili ajue chumvi. Lakini msitu wa mvua haujakorogwa kama mchuzi. Ploti moja inaangukia mti wa tani 8, ya pili inaangukia pengo lenye mitete. Tuseme ploti zenu zinatofautiana kwa nusu ya wastani, jambo la kawaida kabisa kwa ploti ndogo. Kwa ploti 6, ile 410 yao inamaanisha, kwa uhakika wa asilimia 95, mahali fulani kati ya tani 195 na 625. Mkiwa na ploti 20, pengo linashuka hadi kama asilimia 23 kila upande. Mkitaka lishuke hadi asilimia 10, mnahitaji zinazokaribia 100. Ripoti inayotoa 410 tupu, bila kusema kushoto na kulia kwake kuna nini, haijamaliza kazi.

Na kuna kosa ambalo wingi wa ploti hauliponyi: mahali zinapowekwa. Nikiwa kijana tulitumwa kupima msitu mmoja wa milimani wakati wa masika. Ploti mbili ziliangukia kwenye korongo lenye utelezi, tukazisogeza hadi kwenye tambarare yenye miti mizuri. Tulijiambia ni usalama. Takwimu zile zilitumika miaka mingi, na msitu ule ulisomeka mzito kuliko ulivyo kwa sababu yetu. Hadi leo linaniuma. Nanyi mtavutwa hivyohivyo: mtu hupenda kuweka ploti palipo na miti ya fahari, karibu na njia, mbali na siafu. Chorani gridi, yaani mistari inayokatana kwa umbali sawa, kwenye ramani, mahali pa kuanzia pachaguliwe kwa kura, na ploti iwe pale ilipoangukia hata kama ni kichaka. Kama ni pa hatari kweli, andikeni kwamba hamkupima na kwa nini.

Kumbukeni pia kwamba hekta ni ya ramani, hailazwi juu ya mteremko. Kwenye mteremko wa digrii 30, mita 20 za ramani ni mita 23.1 za futi iliyolazwa ardhini. Mkisahau hilo, ploti yenu ni ndogo kuliko mnavyodhani, na hesabu yote ya kwa hekta inashuka.

Je, tani 410 zinawezekana? Zinawezekana. Ploti 260 za misitu ya mvua ya Afrika zilizokusanywa na Simon Lewis na wenzake, mwaka 2013, zilitoa wastani wa tani 396 kwa hekta. Kwa misitu ya milimani peke yake, Aida Cuni-Sanchez na wenzake walichapisha mwaka 2021 wastani wa tani 149 za kaboni kwa hekta. Kaboni ni karibu asilimia 47 ya uzito mkavu, hivyo 410 yenu ni tani 193 za kaboni. Iko juu ya wastani huo wa milimani, lakini haijatoka nje ya dunia. Siikatai. Nataka tu iletwe pamoja na daftari lake.

Tuje kwenye aina, ambako moyo wangu uko.

Spishi 38 kutoka kwenye hekta 0.42 hazisemi msitu una spishi 38. Zinasema watu waliotembea kidogo waliona 38. Katika msitu wa mvua aina nyingi zina mti mmoja tu ndani ya hekta nzima, kwa hiyo kila ploti mpya inaleta majina mapya, kwanza kwa kasi, halafu polepole. Chorani grafu: ploti upande wa chini, jumla ya aina upande wa kusimama. Kama mstari bado unapanda kwa nguvu kwenye ploti ya sita, hamjaanza hata kuukaribia ukweli. Huko Panama, kisiwani Barro Colorado, Stephen Hubbell na Robin Foster walianzisha ploti ya hekta 50 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikapimwa kila shina kuanzia sentimita 1, zaidi ya mashina 200,000, ndipo wakapata spishi 300 hivi. Pasoh, Malaysia, eneo la ukubwa uleule lina zaidi ya 800. Hakuna kijiji kitakachofanya hivyo, na hakihitaji. Lakini ona wanaanzia wapi: sentimita 1. Njia ya duara ndani ya duara inawapima wadogo ndani ya mita chache tu, na wadogo ndio wenye aina. Njia inayofaa kwa uzito inaibania hesabu ya aina.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfanye kazi mbili. Za uzito, ploti nyingi ndogo kwenye gridi. Za aina, ploti chache kubwa, kila moja ya nusu hekta au hekta nzima, kuanzia sentimita 10, kila mti na kibati chake cha alumini chenye namba, pamoja na matembezi ya wazee kwenye mabonde, matuta na kingo za mito, wakiandika kila mti ambao ploti hazikuukuta. Orodha ya matembezi haiingii kwenye takwimu za kwa hekta. Ndiyo itakayowapa wale adimu.

Msiishie kwenye idadi ya majina. Tuseme ploti mbili, kila moja ina miti 100 na aina 10. Ya kwanza kila aina ina miti 10. Ya pili aina moja, tuseme Maesopsis, ina 91, na zile tisa zina mti mmoja mmoja. Idadi ya aina ni sawa, lakini mtu akitembea humo anajua hazifanani. Kipimo cha Shannon kinalionyesha hilo: chukua sehemu ya kila aina, izidishe kwa logi asilia ya sehemu hiyo (kitufe cha ln kwenye kikokotoo), jumlisha, ondoa alama ya hasi, kisha upandishe e (namba 2.718) kwa kipeo hicho. Ploti ya kwanza inatoa 10. Ya pili inatoa 1.65, yaani inaishi kana kwamba ina aina moja na nusu hivi. Namba hiyo nawaambia watu waipende, kwa sababu mwanakijiji yeyote anaielewa bila kusoma takwimu.

Na mkilinganisha misitu miwili yenye idadi tofauti ya miti, tumieni alfa ya Fisher, kipimo cha wingi wa aina kinachozingatia idadi ya miti iliyohesabiwa, kilichotungwa mwaka 1943. Msitu wenye spishi 80 katika miti 450 una alfa ya 28. Wenye spishi 60 katika miti 200 una 29. Kwa kutazama majina mngesema wa kwanza ni tajiri zaidi, kumbe wanalingana, ila wa pili ulihesabiwa miti michache.

Yote hayo yanasimama juu ya majina. Wazee wanajua zaidi ya mia, na ninaamini, lakini majina ya Kisambaa na majina ya kisayansi hayalingani moja kwa moja. Jina moja laweza kubeba spishi tatu za jamii moja, na spishi moja ikawa na majina mawili, moja la kijiji chenu na la pili la ng'ambo ya bonde. Kwa hiyo kwa kila jina jipya la mzee, chukueni kielelezo: tawi lenye majani, na maua au matunda yakipatikana. Kwa mti mrefu kijana mwenye manati nzuri anafaa. Andikeni palepale rangi ya gome likikatwa, harufu, na utomvu, kama ni mweupe, mwekundu au wa maji, kwa sababu vikikauka havionekani tena. Bandikeni ndani ya gazeti, mkandamize kati ya mbao mbili, mbadilishe magazeti kila siku.

Msifikiri kwamba kila kitu kimeshagunduliwa. Mwaka 2019, katika misitu ya hifadhi za vijiji vya Boma la Mzinga na Uluti, milima ya Udzungwa, Mtanzania Aloyce Mwakisoma alikuwamo kwenye timu iliyokutana na mti ambao haukufanana na wowote waliousoma. Unafika mita 40. Ulitangazwa kuwa spishi mpya mwaka 2025, ukaitwa Tessmannia princeps. Mti wa mita 40, ndani ya msitu wa kijiji, na sayansi haikuwa na jina lake hadi juzi. Milima yenu iko kwenye mnyororo uleule unaoanzia Taita, Kenya, na kuishia Udzungwa. Katika ile orodha ya wazee, jina ambalo halipati mwenzake kwenye vitabu ndilo la kuangaliwa mara ya pili.

Umeuliza kama mnaweza wenyewe. Mnaweza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, akiwamo Eliakimu Zahabu, waliwafundisha wanavijiji kupima kaboni ya misitu yao katika miaka ya 2000, Kitulangalo mkoani Morogoro ikiwa mojawapo ya sehemu hizo, na takwimu zao zilikaribiana na za wataalamu. Mnahitaji watu watano au sita: wa futi, wa fimbo na ngazi, wa klinomita, mwandishi mwenye mwandiko unaosomeka, na mzee wa majina. Wiki moja ya mafunzo, kisha ploti mbili au tatu kwa siku. Kila siku jioni, rudieni kupima miti kumi ya asubuhi kwa mkono wa mtu mwingine. Ikitofautiana zaidi ya sentimita moja kwa miti ya kawaida, tafuteni sababu kabla ya kulala. Setilaiti zinasaidia, kama ile ya Ulaya iitwayo Biomass iliyorushwa Aprili 2025 na rada inayopenya majani hadi kwenye mashina, lakini nazo zinasahihishwa kwa ploti za ardhini kama zenu.

Kabla hamjatia saini, jambo moja kuhusu pesa. Tani zilizosimama msituni haziuzwi zote. Kinachouzwa ni hewa ukaa ambayo ingetoka kama msitu usingelindwa, au ile inayoongezeka mkiulinda, na hiyo ni sehemu ndogo ya akiba. Mtu akizidisha 193 kwa 3.67 (namba ya kugeuza kaboni kuwa hewa ukaa), halafu kwa hekta 180, halafu kwa bei, amewapa ndoto. Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zipo, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Morogoro, pale Sokoine. Pelekeni mkataba usomwe. Na muwaombe wageni vitu vinne kwa maandishi: namba za GPS za ploti zote 6, vipimo vya mti mmoja mmoja pamoja na urefu ambao futi ilipita, mlinganyo na densiti walizotumia, na majina ya zile spishi 38 na nani aliyeyatambua. Wasipotoa, ile 410 iwekeni pembeni.

Vielelezo vyenu pelekeni Lushoto, kwenye hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa, ya taasisi ya utafiti wa misitu. Andikeni kwenye kila karatasi jina la Kisambaa, jina la mzee aliyelitaja, tarehe, na mwinuko kutoka usawa wa bahari. Vielelezo visivyo na maua mvipeleke pia, ila mrudi kwenye mti huohuo mvua za vuli zikianza.